Siku Nilipoiharibu Foni kwa Makusudi

Mwezi uliopita tulimzika mzee wangu wa kazi, papa Lwaboshi, na kwa siku tatu nilikaa kwenye kilio chake huko Kadutu, mtaa wa Bukavu, chini ya hema la plastiki lililofungwa kutoka ukuta wa nyumba yake hadi mparachichi wa jirani. Mjukuu wangu Ansima alikuja kunisindikiza. Ana miaka kumi na minne, na simu haimtoki mkononi. Siku ya pili nilimsikia akisonya pembeni yangu. Alikuwa akijaribu kuingia katika mchezo mmoja ambao anacheza na wenzake walioko Goma na Uvira, kila mmoja akiwa kwao, na simu ilikuwa ikimkatalia ingawa mtandao ulikuwapo. "Koko, réseau iko, betri iko," aliniambia mimi bibi yake, "lakini inanifungia mulango." Bila kufikiri nikamuuliza: na jina? Jina uliloandika ni la sasa ao la zamani? Akanitazama kama mtu aliyesikia jiwe likisema. Kisha akakumbuka kwamba alikuwa amebadili neno lake la siri wiki iliyotangulia. Akaandika lile jipya, akaingia, akanisahau. Mimi nikabaki nikitazama mikono yangu. Nina miaka sitini na mitatu, na swali lile nilifundishwa nikiwa na kumi na tisa.

Baadaye binti wa marehemu alinijia akaniomba niseme neno, kwa kuwa mimi ndiye niliyebaki kati ya waliofanya kazi naye. Nikasimama. Nikasema kwamba papa Lwaboshi ndiye aliyenifundisha kazi ya foni, ile redio ya kuitana na watu walio mbali, na kwamba aliweza kujua waya uliolegea kwa kusikiliza tu, bila kupanda juu ya bati. Watu wakatikisa kichwa, nikaketi. Yaliyotokea mwaka wangu wa kwanza wa kazi sikuyataja. Wakati wa Zaïre tulijifunza kusema nusu ya jambo, na wengine wetu hatukuweza tena kuiacha tabia hiyo hata baada ya nchi kubadili jina.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa kampuni moja ya madini iliponiandika niwe opereta. Chumba cha foni kilikuwa nyuma ya depo, kwenye mteremko wa kwenda ziwani, chenye dirisha moja na meza mbili. Kilinuka asidi ya betri na mafuta ya taa. Ukutani kulikuwa na ramani ya Mwenga na Shabunda, na misumari mitano kwa kambi zetu tano za msituni, ambako watu walichimba dhahabu na ambako hakukuwa na njia nyingine ya kuwasikia ila foni, mashine ya kijani iliyokaa mezani. Nje, waya wa antena ulikwenda kutoka mkaratusi mmoja hadi mwingine, na kunguru waliupenda kuliko matawi. Papa Lwaboshi, fundi wa foni, alikuwa mtu mwembamba wa miaka hamsini hivi, mwenye abakosti moja ya kahawia, lile koti la Zaïre lisilovaliwa na tai, aliyoivaa kila siku mpaka viwiko vikang'aa. Saa sita alikuwa akifungua kopo lake la maharagwe na ndizi, akalipasha moto juu ya jiko dogo kando ya betri, na kunigawia nusu kwenye kifuniko. Mafundisho yake yote yalitoka wakati wa kula.

"Nabintu," alisema siku ya kwanza, kijiko kikiwa hewani, "mutu akikuambia foni imekufa, usimuamini. Foni haikufake bure. Umuulize vitu tatu: betri iko? Waya iko? Jina iko ya mwezi huu? Ukipita pale tatu na bado anakulilia, basi shida haiko ku foni, iko ku mutu."

La jina ndilo lililotusumbua zaidi. Kampuni iliogopa wezi wa dhahabu, kwa hiyo kila kambi ilikuwa na jina la kuitia hewani, jina la mnyama ao mdudu, na kila mwezi majina yalibadilishwa. Karatasi ya majina mapya ilipelekwa na lori la chakula. Lakini lori lilikwama matopeni wiki nzima, na huku mwezi ulikuwa umekwisha geuka. Hapo ndipo mtu wa msituni alikuja hewani na jina ambalo limekwisha pewa mwingine, nami nilikuwa na amri ya kumkatalia.

Ndivyo nilivyomjua Wakilongo, opereta wa kambi iliyokuwa mbali kuliko zote. "Bukavu, Bukavu, Chui anaita. Unanipata? Kwako." Kwako lilikuwa neno letu la kumpa mwenzako zamu ya kusema. Sauti nene, yenye kicheko ndani yake. Nikamjibu kwamba Chui ni mtu mwingine tangu juzi, anipe jina lake la mwezi huu. "Sijue, mama. Gari haiyafika. Minabakia bila jina sawa mutoto wa siku mbili." Nikamgeukia papa Lwaboshi. Akaniambia nimuulize kitu ambacho yeye peke yake anaweza kukijua. Kitu gani? Papa akafuta mdomo. "Umuulize dame yake ya mwisho ilibakia wapi." Nikauliza bila kuelewa. Wakilongo akajibu mara moja kwa Kifaransa, arobaini na sita: "Quarante-six. Na umuambie muzee bado ananiogopa."

Ndipo nikajua habari ya mchezo. Kila Jumamosi saa saba, baada ya ujumbe wa kazi kwisha, papa Lwaboshi alizungusha kitufe kwenda kwenye masafa mengine, tuliyoyaita chumba cha pili, na kambi zote tano zilikuja kucheza dame, mchezo wa drafti, ambao kete iliyovuka ubao hadi mwisho nayo huitwa dame. Kila opereta alikuwa na ubao wake wa vyumba mia, vile vyeusi hamsini vikiwa na namba, na vifuniko vya chupa za bia kwa kete. Mtu alisema "trente-deux, vingt-huit," kutoka thelathini na mbili kwenda ishirini na nane, na katika kambi ile nyingine, milima saba mbali, mkono ulisogeza kifuniko. Papa aliuanzisha kwa sababu opereta mmoja wa msituni alikuwa amejinyamazia mpaka akaanza kuongea na kuku. Tangu waanze kucheza, alisema, wanatunza betri zao vizuri kuliko meno yao. Mkurugenzi hakujua.

Kabla ya Pasaka papa aliniachia chumba cha pili kiwe changu. Kazi yangu ilikuwa kufungua mlango, kuwaingiza mmoja mmoja, na kutafuta dosari pale mtu aliposhindwa kuingia. Nikazijua dosari zote. Mmoja alisikika kama anaongea chini ya maji, na tulipochunguza tulikuta sisimizi wamejenga ndani ya maikro, kipaza sauti chake. Mwingine alipotea kila ilipofika zamu yake, kwa sababu betri yake ilijazwa maji ya mto. Wakilongo mwenyewe alitoweka Jumamosi mbili nzima, na aliporudi alieleza kwa aibu kwamba mke wa mpishi alikuwa ameukata waya wa antena ili aanike nguo. Nilicheka mpaka nikakibonyeza kibonye cha kusemea, kambi zote zikanisikia. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena. Nilikuwa msichana niliyepanga chumba kwa mjane mmoja Kadutu, sina mtu mjini, na kila Jumamosi watu watano nisiowajua sura walinisubiri niwafungulie.

Woga uliingia pole pole. Kwanza ulikuja na maman Faida, mwenye nyumba yangu, aliyeuza sombe sokoni na kurudi na maneno mengi kuliko mboga. Alisema watu wenye silaha wameonekana msituni, hajui wa nani. Alisema malori ya askari yamepita kwenda upande wa Bunyakiri, na askari hawakuimba kama kawaida yao. Kisha akaanza kusema huku akiangalia mlango. Jirani yetu, mwalimu, alibebwa na watu wa usalama mchana kweupe kwa sababu ya redio ndogo iliyokamatwa ikiwa kwenye kituo cha nje. Mke wake alikuja kuazima chumvi kwetu na kusahau kuichukua. "Weye unatumika ku foni," maman Faida aliniambia kabla usiku haujaingia, akinisukumia sahani ya bugali. "Ule kazi iko na masikio mingi. Usinitaje siku yoyote. Hata ukifa, usinitaje." Alilisema kwa upole, kama mtu anayeomba maji.

Jumatatu iliyofuata mkurugenzi alituita. Alisema watu wa usalama wanasikiliza hewa yote ya Kivu. Kuanzia leo hakuna namba isiyo ya kazi, hakuna mazungumzo ya bure, na atakayekutwa akisema kwa mafumbo atajibu mwenyewe, kampuni haitamjua. Papa Lwaboshi alirudi chumbani, akaukunja ubao wa dame ndani ya gazeti, akaupeleka nyumbani kwake. "Imeisha," alisema. Nikawatangazia wale watano kwa maneno ya mzunguko. Wakilongo alijibu tu: "Nimepata. Kwako," na kicheko hakikuwamo.

Jumamosi tatu zilipita. Ya nne, papa aliamka na malaria. Alikuja kazini hata hivyo, macho mekundu, na saa sita nikamlazimisha arudi kulala. Nikabaki peke yangu. Ujumbe wa kazi ulikwisha. Saa saba ilipofika niliutazama mkono wangu ukienda kwenye kitufe. Nilijiambia nitasikiliza tu. Nimejiambia hivyo miaka mingi, na huenda ni kweli, lakini niliyejua ubaya wake ni mimi, na aliyekizungusha ni mimi.

Alikuwa tayari pale. "Bukavu, Bukavu, Nyuki anaita." Jina lilikuwa la mwezi ule, sahihi. Sauti ilikuwa yake, na safi, tano kwa tano. Nilifurahi hata nikajibu. Akauliza: "Gari ya chakula itatoka siku gani? Iko na watu ngapi? Iko na askari? Kwako." Hilo halikuwa swali la chumba cha pili. Kabla sijajibu akaongeza haraka: "Lakini mukono ni wangu. Minacheza. Cinquante et un, cinquante-deux."

Ubao unaishia hamsini, naye alitaja hamsini na moja na hamsini na mbili. Nilimwomba arudie. Akarudia vile vile, pole pole, kama anayemfundisha mtoto. Nikaanza kutafuta dosari kama nilivyofundishwa. Betri iko. Waya uko. Jina liko. Mwili wangu ulikuwa umekwisha elewa kabla ya kichwa. Nikauliza: "Nyuki, dame yako ya mwisho ilibakia wapi?" "Sikubakia na dame," akasema. "Nilipoteza yote." Na mchezo ule wa mwisho alikuwa ameushinda, alitusimanga wiki nzima. Kisha, nyuma ya sauti yake, nikasikia sauti nyingine, ya chini, ya mtu asiyezoea kuwa karibu na maikro: "Muulize siku. Siku."

Lori hilo, ambalo sasa nilijua wanataka kulivamia njiani, lilikuwa liondoke Jumatatu asubuhi na watu kumi na mmoja. Nilikuwa nimeiandika orodha mimi mwenyewe. Kulikuwa na wake wawili waliowafuata waume zao, mmoja ana mtoto mgongoni, na papa Lwaboshi, aliyetakiwa kwenda kutengeneza mashine ya umeme ya kambi ile ile.

Mwaka mzima nilijifunza kuondoa dosari. Siku hiyo niliziweka. Nikashika kibonye nusu ili neno langu likatike katikati. Nikasogeza kitufe unywele mmoja, nikarudisha, nikasogeza tena. "Nyuki… sikupate… rudi… waya yako…" Nikakwaruza maikro kwa ukucha. Yeye akaelewa, kwa maana alianza kupiga kelele kama mtu asiyesikia kitu: "Bukavu, unapotea! Bukavu, hewa iko mubaya!" Nilimsikia akiwaambia waliokuwa naye, "Munaona? Inafanyaka vile." Halafu kukawa na kishindo, na hewa tupu. Nikazima mashine. Nikakaa chini ya meza, si juu ya kiti. Sijui kwa nini chini ya meza. Nadhani nilitaka kuwa na kitu juu ya kichwa.

Ningeenda kwa mkurugenzi pale pale, mtu atasema. Lakini kumwambia nilichosikia kulikuwa kumwambia nilikisikia wapi, na wapi hapo palikuwa pamekatazwa. Nilimfikiria mke wa mwalimu na chumvi yake. Nilikwenda nyumbani na sikula. Maman Faida alinitazama na hakuuliza, na kutouliza kwake kulinitisha kuliko swali. Usiku ule wote sitausimulia. Asubuhi ya Jumapili, baada ya misa, nilipanda kwa papa Lwaboshi. Alikuwa amejifunika blanketi mbili kwenye kiti, mke wake akimpa uji. Alipomtoa mkewe chumbani nikamwambia yote, bila kulia, nikitazama miguu yake.

"Betri ilikuwa?" aliuliza.

"Ndiyo, papa."

"Waya?"

"Ndiyo."

"Jina?"

"Ya mwezi huu."

Akavuta pumzi. "Basi ni mutu." Akaanza kutafuta viatu. "Rudi ku nyumba. Kesho ukuje ku kazi sawa siku zote." Nilimuuliza atasema nini kwa mkurugenzi. Alikuwa akipambana na kamba za viatu.

Jumatatu lori lilikuwa bado limesimama uani, turubai limefungwa, abiria wameketi juu ya mizigo yao wakilalamika. Nikapata nguvu kidogo. Nikaingia chumba cha foni. Papa hakuwamo. Walikuwamo wanaume wawili wenye abakosti nzuri, mmoja amekaa kwenye kiti changu. "Citoyenne, keti," alisema yule mwingine, akiniita raia kama ilivyoamriwa wakati ule, na kiti cha kuketi hakikuwapo. Waliuliza mambo madogo kwanza, saa za kazi, nani ana ufunguo. Waliandika kila kitu. Kisha yule aliyekaa akaweka kalamu chini. "Samedi, ile Jumamosi, saa saba, nani alikuwa ku maikro?"

Nimelisikia swali hilo maisha yangu yote, katika vyumba vingine, kwa sauti nyingine. Wakati ule lilichukua muda wa pumzi moja. Nilimwona mwalimu akibebwa. Niliona mikono ya yule mtu, safi, kucha zimekatwa vizuri. Nikasema: "Papa Lwaboshi."

Hakuna aliyenipiga wala kunipandishia sauti. Nilisema tu. Akaandika, akanigeuzia karatasi, nikatia sahihi. Walipokwenda, mlinzi wa lango alikuja mlangoni, kofia mkononi. "Muzee amejitoa," alisema kwa sauti ya chini. "Jana alimuambia mukurugenzi ni yeye alifungua chumba ya pili. Walimubeba leo asubuhi, kabla ukuje." Nikashika ukingo wa meza. Kumbe alikuwa amekwisha jisingizia. Alikuwa amelitoa jina lake mwenyewe badala ya langu, nami, bila kujua, nikalitoa tena. Uongo wake na uongo wangu vikakutana, vikafanana, na ndiyo maana mimi nililala nyumbani.

Lori halikuondoka. Askari walikwenda badala yake na kukuta kambi tupu, ghala limevunjwa. Mpishi alikuwa ameuawa mlangoni mwa jiko lake. Wakilongo na wengine wanne walitoroka siku iliyofuata ile Jumamosi na kutembea msituni siku kumi na moja mpaka Kamituga. Alipoletwa Bukavu nilimwona kwa mara ya kwanza, mtu mfupi, mwenye meno yaliyovunjwa upande mmoja. Alinieleza kwamba aliwaambia wale watu waliovamia kambi kuwa Jumamosi mchana Bukavu inasikiliza kwenye chumba cha pili tu, maana alijua nikiwapo nitaelewa, na nisipokuwapo hakuna atakayejibu. Watu wa usalama walimuuliza naye nani alikuwa kwenye maikro. "Niliwaambia hewa ilikuwa mubaya," alisema, "sikujua hata kama ni mwanaume ao mwanamuke." Ndipo nikafahamu pia kwamba hakuna aliyekuwa akisikiliza hewa yote ya Kivu. Wangekuwa wanasikiliza, wangejua ilikuwa sauti ya msichana. Tulikuwa tumeogopa sikio ambalo halikuwapo. Mikono ya kukamata ndiyo iliyokuwapo.

Papa Lwaboshi walimwachilia baada ya wiki sita. Kampuni ilimrudisha kazini kwa sababu antena zilikuwa zinakufa na hakuna mwingine wa kuzifufua. Alikuwa amekonda zaidi, na sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa kwa kupigwa. Fundi aliyejua waya kwa kusikiliza sasa aligeuza kichwa kama kuku ili asikie kengele ya simu. Tulikula maharagwe yetu. Kila siku alipofungua kopo nilisema moyoni: leo nitamwambia. Mwezi ukapita hivyo.

Jioni moja tulipanda pamoja kwenda Kadutu, kwa ile njia ya ngazi za udongo. Nilijiweka kushoto kwake. Nilikuwa nimelichagua sikio lile lililokufa ili asinisikie, nami sasa sitaki kulificha hilo. Nikasema, bila kupandisha sauti: "Papa, mie nilisema jina yako kabla nijue kama weye ulishaka kusema. Hakuna mutu alinituma. Niliogopa tu." Tulipanda ngazi kumi, labda kumi na tano. Wanawake walitupita wakiwa na mitungi. Kisha akasimama kupumua, mkono kiunoni, akitazama bati za mji kule chini.

"Ile karatasi yako walinisomea siku ya pili," alisema. "Nilifurahi."

"Ulifurahi, papa?"

"Ndiyo pale nililala usingizi. Siku ya kwanza yote nilikuwa na woga utasema kweli, utasema ni weye."

Akasubiri mpaka nimalize kulia. Kisha akazunguka nyuma yangu, polepole, mpaka nikawa upande wake wa kulia, wa sikio lililosikia, tukaendelea kupanda.